Keki Isiyo na Yai

Yai ni kitu kidogo, hata mtoto aweza kulificha katika kiganja chake. Lakini hapa kwetu Bunia bei yake hutangaza habari za barabara kabla ya redio. Kuku wetu wa kienyeji hutaga machache, na hayo machache mama mwenye akili huyaacha yaanguliwe. Mengi ya mayai yapangwayo sokoni katika trei za 30 hutoka Uganda, yakaja juu ya malori kwa njia ya Mahagi au ya Aru. Malori yakipita salama, bei yatulia. Njia ikifungwa, kama ilivyofungwa mara nyingi kati ya Bunia na Mahagi tangu machafuko ya Djugu yalipozuka mwishoni mwa mwaka 2017, bei yapanda. Na mama aliyetoka nyumbani na hamu ya kupika keki ya sikukuu huishika trei, huiweka chini, hurudi na unga na sukari tu.

Ndipo huuliza: Je, keki yapikika pasipo yai?

Mimi nafundisha wasichana mapishi na kushona katika parokia mojawapo ya mji huu, kwa hiyo swali hilo hunifikia mara kwa mara, hasa Kwaresima inapokwisha na Pasaka inapokaribia. Jibu fupi ni kwamba yapikika. Lakini nimeona kwamba swali hilo si la jikoni tu. Siku moja lilitugawanya sisi akina mama wa kikundi kimoja, wote wakristu, wote wenye nia njema, hata tukatoka katika mkutano pasipo kuagana vema.

Mambo yalikuwa hivi. Majuma mawili kabla ya Komunyo ya kwanza, mfanya biashara mmoja alituletea zawadi ya trei mbili za mayai, akaomba jina lake lisitajwe. Kikundi chetu kilikuwa na kazi mbili mbele yake. Ya kwanza, kuwapikia keki watoto wa Komunyo, ambao baadhi yao walikuwa wa jamaa zilizokimbia Djugu na kukaa Kigonze, kambi iliyofunguliwa hapa mjini mwaka 2019. Ya pili, kwenda kuwatazama akina mama wenye watoto wachanga katika kambi hiyohiyo, kama tulivyozoea kila mwezi, tukichukua chochote tulicho nacho. Mayai 60 yalitosha kazi moja. Kazi mbili hayakutosha.

Mimi nilisema mayai yaende kwa wachanga, na keki ipikwe bila mayai. Mama mmoja akasimama. Ni mwanamke asiyependa maneno mengi, naye amelea yatima watatu juu ya watoto wake mwenyewe, wala hakuna awezaye kumwambia kwamba hawajui maskini. Akasema, “Mwalimu, mtoto huyu amelala chini ya turubai miaka mingi. Siku moja tu anavaa nguo nyeupe. Nasi siku hiyo tumpe keki ya kimaskini? Umaskini ameuonja wa kutosha.”

Neno hilo lilinichoma, na hata leo naliona kuwa neno zito. Kuna ukarimu wa namna mbaya, ambao humpa maskini kitu kilichopunguzwa, kisha humtaka ashukuru kana kwamba ni kizima. Nguo iliyokatika vifungo, dawa iliyopitwa na tarehe, maziwa yaliyotiwa maji. Kama keki isiyo na yai ni ya jamii hiyo, basi mama yule alikuwa na haki.

Bibi mmoja mzee, mjane, akamjibu kwa upole, “Mama, mkate wa altare umetiwa mayai mangapi?” Watu wakacheka. Ni kweli, sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, yataka mkate wa Misa uwe wa ngano tupu, uliookwa karibuni. Wala yai, wala sukari, wala mafuta hayamo. Jibu lilikuwa zuri, lakini halikumaliza shauri. Hatuli Ekaristi kwa ajili ya utamu wa unga. Keki ya sikukuu, kinyume chake, kazi yake ni kuwa tamu; na kama si tamu haina udhuru. Basi nikaomba nipewe juma moja nijaribu pamoja na wasichana wangu, kisha mama yule aonje, naye awe mwamuzi. Akakubali, ijapokuwa uso wake haukukubali.

Niliwaambia wasichana kwamba kabla ya kumwondoa mfanya kazi yapasa kujua alikuwa akifanya kazi gani. Yai moja la kadiri, likiisha kuvunjwa, lina uzito wa gramu 50 hivi, na robo tatu za uzito huo ni maji. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni ya kawaida kabisa: kulowesha unga. Ute wake mweupe una protini ambayo hukaza ipatapo moto, kama tuonavyo katika yai la kuchemsha, nayo huyashika mambo mengine yote yasibomoke. Ute huohuo ukipigwa kwa nguvu hukamata hewa, na hewa hiyo ikipata moto hutanuka na kuinua keki. Kiini chake kina mafuta, na kitu kiitwacho lesithini ambacho huyapatanisha maji na mafuta, maana hayo mawili kwa tabia yao hayapendani. Tena kiini hutia rangi na ladha.

Mtu akijua hayo, haulizi tena, “Kitu gani kinafanana na yai?” Huuliza, “Katika chakula hiki, yai lafanya kazi gani, na nani mwingine aweza kuifanya?” Mandazi yauzwayo alfajiri kando ya barabara zetu kwa kawaida hayana yai hata moja, nayo huumuka kwa hamira, wala hakuna aliyewahi kuyaita chakula cha aibu. Keki ya mayai mawili kwa vikombe viwili vya unga hulihitaji yai kidogo tu, kwa maana ngano yenyewe ina nguvu ya kushika. Lakini ile keki nyepesi kama sifongo, ambayo hupikwa kwa mayai manne au matano yaliyopigwa mpaka yakajaa povu, hiyo yai ni msingi wake, ukuta wake na paa lake. Msidanganyike: ukimwondolea hiyo mayai yake, haibaki keki. Hiyo tuliiacha bila hata kuijaribu.

Tulianza na ndizi mbivu, kwa sababu Ituri haina upungufu wa ndizi. Nusu ya ndizi kubwa, iliyoiva hata ganda likawa na madoa meusi, ikapondwa pasipo kubaki mabonge, yashika nafasi ya yai moja. Hulowesha, hushikamanisha, na sukari yake huipa keki rangi nzuri. Ila haikamati hewa. Kwa hiyo keki ya ndizi haina budi kusaidiwa na magadi ya kuokea na maji ya limau. Na hata hivyo hutoka nzito kidogo, yenye unyevu ndani, yenye harufu ya ndizi ambayo huwezi kuificha. Wasichana waliipenda. Mimi pia naipenda kwa chai ya asubuhi. Lakini si keki ya nguo nyeupe.

Siku ya pili tulijaribu soya: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa soya, kikakorogwa na vijiko vitatu vya maji. Soya ina protini na ina lesithini yake yenyewe, hata viwanda vya biskuti huitumia. Ilishika vizuri. Ladha yake mbichi, ile iitwayo na watoto “ladha ya uji wa hospitali”, ilitushinda mpaka tulipoukaanga unga ule kidogo katika kikaango kikavu. Tulijaribu na wanga wa muhogo, ambao hushika sana, mpaka kushika kupita kiasi: keki ikavutika kama fufu baridi, na msichana mmoja akasema, “Hii yafaa kuziba tundu la baiskeli.” Tukaendelea.

Maji ya maharage ndiyo yaliyowashangaza zaidi. Mwaka 2014 Mfaransa mmoja, Joël Roessel, aligundua kwamba maji yaliyochemshiwa dengu yakipigwa kwa nguvu hugeuka povu jeupe kama la ute wa yai, hata yaweza kuokwa. Hapa dengu si chakula chetu, lakini maharage meupe tunayo, na maji yake yana tabia iyo hiyo. Yachemshwe vema kabisa, kwa maana maharage yasiyoiva yana sumu. Kisha maji yapunguzwe juu ya moto mpaka yawe mazito kama ute, yapozwe, ndipo yapigwe. Vijiko vitatu vya chakula ni badala ya yai moja. Tulipiga kwa uma, tukipokezana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Mikono iliuma, lakini povu lilisimama. Tangu siku ile hakuna msichana katika darasa langu amwagaye maji ya maharage bila kuyatazama mara mbili.

Lakini njia iliyotushinda nguvu kwa urahisi wake ni ya siki. Siki ikikutana na magadi ya kuokea hutoa gesi, ile ile iliyomo katika soda za chupa, na gesi hiyo huinua unga kama hewa ya yai inavyoinua. Chukueni unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, kakao vijiko vitatu vya chakula, magadi ya kuokea kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu ya kijiko cha chai. Changanyeni vikiwa vikavu. Kisha tieni mafuta ya kupikia vijiko sita vya chakula, siki kijiko kimoja cha chakula, na maji ya baridi kikombe kimoja. Korogeni upesi, mara tu unga unapolowa mkome, mkatie motoni pasipo kukawia, kwa maana gesi haimngoji mtu anayesimulia habari na jirani. Sisi tusio na tanuri hutia mchanga mkavu katika sufuria kubwa, tukaupasha moto kabla, tukaweka sufuria ndogo yenye keki juu ya mawe matatu ndani yake, tukafunika, na makaa ya moto juu ya kifuniko. Kwa dakika 35 au 40 imeiva. Kijiti kikichomwa katikati kitoke kikavu.

Na hapa niseme neno kando. Kakao ile niliyoitia ilitoka katika kopo lililotoka mbali, na huku wakulima wa Irumu na Mambasa wanaanika kakao mbele ya nyumba zao na kuiuza nje kwa magunia. Wengi wao hawajaonja hata siku moja keki yenye jasho lao ndani yake. Jambo hilo lanisumbua kuliko bei ya mayai, lakini lataka makala yake lenyewe.

Wasichana waliniuliza ni nani aliyeanza mambo haya, nikawasimulia habari ya Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham, Uingereza. Mke wake hakuweza kula mayai, maana yalimdhuru mwili. Tena hakuweza kula kitu chenye hamira. Bwana huyu angeweza kumwambia mkewe, “Vumilia.” Badala yake alishika vyombo vyake, na mwaka 1837 akatengeneza kastadi ya wanga wa mahindi isiyo na yai, na mwaka 1843 akatengeneza unga wa kuumulia usio na hamira, ili mkewe ale mkate laini. Kastadi ile hata leo yauzwa kwa jina lake. Nimewaambia wasichana kwamba wakipata mchumba wamsimulie habari hii, kisha wamtazame usoni anapoisikia.

Nayo keki ya siki haikuvumbuliwa na watu wavivu. Katika vita ya pili ya dunia, serikali ya Uingereza iligawa mayai kwa kipimo tangu mwaka 1941, kwa kawaida yai moja kwa mtu kwa juma, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1953. Miaka yote hiyo watoto walizaliwa, wakabatizwa, watu wakaoana, na keki zikapikwa. Mwaka 1944, katika nchi hiyo hiyo, kilianzishwa chama cha watu wasiokula kabisa kitu chochote kitokacho kwa mnyama, wala nyama, wala maziwa, wala yai. Nao wamezidi sana tangu hapo katika Ulaya na Marekani. Mapishi mengi tuyaonayo leo ni kazi ya mikono yao. Mimi si wa shauri lao, nami sioni dhambi katika mchuzi wa kuku. Lakini mtu akichimba kisima kwa sababu zake, mwenye kiu hamwulizi sababu.

Sisi Wakatoliki tungestahili kukumbuka kwamba mambo haya yalikuwa yetu kabla hayajawa yao. Katika karne za kale Wakristu walijinyima mayai Kwaresima nzima. Mtaguso uliofanyika Konstantinopoli mwaka 692 uliwakemea waliokula mayai na jibini siku za Jumamosi na Dominika za Kwaresima. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika kwamba katika Kwaresima watu huacha pia mayai na maziwa, kwa kuwa yatoka kwa wanyama. Lakini kuku hafungi: alitaga siku zote 40, na mayai yakarundikana, ndiyo maana siku ya Pasaka yalibarikiwa kanisani na kuliwa kwa shangwe. Sheria hiyo ilipunguzwa baadaye. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 1250, yasema wazi kwamba siku za kujinyima hukatazwa nyama, wala si mayai. Na Papa Paulo wa VI alirudia neno hilo tarehe 17 Februari 1966. Basi asitokee mtu wa kumhukumu jirani yake kwa sababu ya yai la Ijumaa.

Ndugu zetu wa Ethiopia wameishika desturi ya kale mpaka leo. Mfungo wao mkubwa kabla ya Pasaka ni wa siku 55, pasipo nyama, maziwa, siagi wala mayai, na juu ya hapo hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima. Nao Waorthodoksi wa Ugiriki wanayo keki ya Mtakatifu Fanurio, mtakatifu wa vitu vilivyopotea, ambaye sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti: keki ya mafuta na maji ya machungwa, isiyo na yai, huchukuliwa kanisani ikabarikiwa, kisha ikagawanywa kwa watu. Nilipomweleza mama yule habari hiyo alinyamaza kitambo, akasema, “Kumbe wanaichukua kanisani.” Hilo lilimgusa kuliko sayansi yangu yote.

Akaja siku ya kuonja. Tuliweka mezani keki tatu, bila kumwambia ipi ni ipi: ya ndizi, ya siki na kakao, na moja iliyopikwa kwa mayai mawili, iliyonunuliwa kwa fedha yangu, ili hukumu iwe ya haki. Ya ndizi aliitambua mara moja. Kati ya hizo mbili nyingine alikata kipande, akala, akakata tena. Mwishowe aliichagua ile yenye mayai. Wasichana walihuzunika, nami sikushangaa, kwa maana yai lina utamu wake, na anayesema halina hasemi kweli. Lakini aliongeza, “Hii nyingine si ya kimaskini. Ningempa mgeni.” Akaketi. Shauri likaisha hapo.

Keki nne za siki zilipikwa, tukazipaka sukari ya unga iliyokorogwa na maji ya limau, zikawa nyeupe juu. Watoto hawakuuliza kitu. Mtoto hutazama ukubwa wa kipande chake na ukubwa wa kipande cha mwenzake, basi.

Mayai 60 tuliyachemsha, tukayapeleka Kigonze. Na huko nilikuta jambo ambalo kila muuguzi wa Ituri alijua. Bibi mmoja, amempakata mjukuu wake mwenye miezi kumi, mwenye nywele zilizogeuka rangi, alilipokea yai, akalifunga katika kitenge chake. Nikamwuliza, “Mama, hutampa mtoto?” Akajibu, “Mwanangu, mtoto akila yai atakuwa mwizi.” Neno hilo lasemwa mahali pengi katika Afrika ya mashariki, nami nimelisikia tangu utoto wangu. Sidhani wazee walilisema kwa upumbavu. Mtoto aliyezoea yai angekwenda kuyaiba kiotani, na ukoo usingepata vifaranga. Lakini shangaeni nami: bibi huyohuyo, siku ya ubatizo, humpa mjukuu wake kipande cha keki yenye mayai manne bila hofu yoyote. Yai lililofichwa halimfanyi mtoto mwizi!

Sikubishana naye. Nilimwomba anionyeshe jinsi anavyopika uji wake, tukaketi pamoja. Nikalivunja yai lililochemshwa, nikaliponda kwa kijiko, likapotea ndani ya uji kama sukari ipoteavyo. Akacheka, akajua ninachofanya, akaniacha nifanye. Mtoto akala yote.

Si kwamba yai ni dawa ya kila kitu. Katika Ekuador mwaka 2015 watoto 163 wa miezi sita hadi tisa walijaribiwa: nusu yao walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwao kwa sehemu 47 katika mia kuliko kwa wenzao. Watu wakafurahi sana. Kisha jaribio kama hilo likafanywa Malawi miaka ya 2018 na 2019, kwa watoto 660, na kimo chao hakikuongezeka kupita cha wengine. Watoto wale wa Malawi walikuwa wakila samaki wa ziwa mara kwa mara, na huenda ndiyo sababu. Kwa hiyo nasi tulio karibu na Ziwa Albert tusiwadharau samaki wadogo wa Kasenyi na Tchomia, wakasagwa na kutiwa katika uji. Shirika la Afya la Dunia, katika mashauri yake ya mwaka 2023, lataka kila mtoto wa miezi sita hadi 23 apate kila siku nyama, au samaki, au yai. Kipande cha keki chenye sehemu ya kumi ya yai ndani yake hakitoshi haja hiyo hata kidogo. Huko yai limepotea bure, na keki, kama tulivyoona, yaweza kusimama bila hilo.

Wengine wameniuliza habari ya biashara. Wasichana wawili waliomaliza kwangu huuza vipande vya keki ya siki karibu na soko, asubuhi, pamoja na chai. Niliwaambia jambo moja tu: mteja akiuliza kama ina mayai, aambiwe hapana, na bei yake ishuke kwa kiasi cha mayai yasiyotiwa. Mmoja wao hakupendezwa, akasema mteja haoni tofauti. Mwenzake akamjibu kwamba kuna mama fulani ambaye mtoto wake huvimba midomo akila yai, naye sasa hununua kwao kila Jumamosi, kwa sababu aliuliza na akaambiwa kweli. Siki wanainunua kwa chupa kubwa, wakachangia. Na limau hutumia siku siki inapokwisha, vijiko viwili badala ya kimoja.